Mbwa wa jirani amekuwa kero: umwendee, umwandikie, utafute msuluhishi au ushtaki?

Kero ya mbwa ina jambo moja linaloitofautisha na kero nyingine za ujirani: mara nyingi mwenye mbwa ndiye mtu pekee mtaani asiyeisikia. Mbwa hubweka mwenye nyumba akiwa kazini, hupenya uzio nyumba ikiwa tupu, hujisaidia mlangoni kwa watu alfajiri wakati wenyeji wake bado wamelala. Jioni mwenye nyumba anarudi na kupokewa na mnyama mtulivu anayetikisa mkia. Ukimwambia kwamba mbwa huyohuyo amebweka kutwa nzima, usishangae akikuona mzushi.

Hapo ndipo wengi hupotea njia. Kuna anayevumilia miezi kadhaa bila kusema neno, kisha asubuhi moja anaamka na kwenda moja kwa moja polisi. Kuna anayeanza kwa kupiga kelele juu ya ukuta. Njia zenye maana ni nne: kumwendea jirani ana kwa ana, kumwandikia, kumtafuta mtu wa kati, na kupeleka malalamiko rasmi. Si lazima zifuatane kama ngazi. Kuna kero zinazotakiwa kuanzia ya nne, na kuna nyingine ambazo ukianzia huko umeshaharibu.

Yasiyosubiri ulinganisho

Kama mbwa ameuma mtu, habari ya kuchagua njia iwekwe pembeni kwanza. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko wa jino tu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa; chanjo ikitolewa kabla ya dalili, mtu anapona. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Watoto ndio huathirika sana, na mtoto akikwaruzwa huweza kunyamaza akiogopa kugombezwa, kwa hiyo muulize.

Mbwa mwenyewe asiuawe kwa hasira wala asisafirishwe kwa siri. Anapaswa kufungiwa mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, maana yake hakuwa anatoa virusi kwenye mate siku alipouma. Aliyeumwa hasubiri siku hizo ziishe ndipo atibiwe. Anaanza sindano mara moja, na daktari ndiye ataamua baadaye kama zilizobaki zinahitajika. Taarifa rasmi hapa ni lazima, hata kama mwenye mbwa ni rafiki yako wa damu.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni aina ya kero. Kelele huchosha na hurekebishika polepole. Kinyesi kinaweza kushughulikiwa leo. Mbwa anayetoroka ni suala la geti na uzio, halihitaji mjadala mrefu. Anayewakimbilia wapita njia akionyesha meno ni hatari hata kama bado hajamgusa mtu. Usemi kwamba mbwa anayebweka haumi usikudanganye, maana wapo wanaofanya yote mawili.

Cha pili ni jirani mwenyewe: mnafahamiana kiasi gani, anasikiliza au anafoka, na je, ana mamlaka juu ya nyumba anayoishi au naye ni mpangaji? Cha tatu ni ushahidi ulio nao mkononi. Cha nne ni muda unaoweza kuvumilia. Cha tano husahaulika mpaka mambo yaharibike: mkishamaliza, mtaendelea kuishi ukuta kwa ukuta, na pengine kwa miaka.

Kabla ya njia yoyote: daftari

Njia zote nne hutegemea kitu kimoja, nacho ni kumbukumbu ya wiki moja au mbili. "Anabweka muda wote" haimsaidii mtu yeyote: si mwenye mbwa, si msuluhishi, si ofisa. Andika siku, saa alipoanza, saa alipoacha, na kilichokuwa kinatokea. Mfano:

Jumatatu: gari limetoka saa 1:20 asubuhi. Ameanza kubweka baada ya dakika kama tano, amenyamaza saa 2:15.
Jumanne: gari limetoka saa 1:25. Ameanza papo hapo, analia kama anaomboleza, hadi saa 2 hivi.
Jumatano: gari halikutoka. Kimya siku nzima.
Alhamisi, saa 8 usiku: amebweka dakika kumi. Paka alikuwa juu ya ukuta.

Mistari minne tu, lakini imeshasema mengi. Mbwa huyu hana ubaya na majirani, wala tatizo lake si usiku. Anashindwa kuvumilia kuachwa peke yake, na wasiwasi wa namna hiyo kwa kawaida huanza muda mfupi baada ya mtu wake kuondoka. Daftari likionyesha kwamba hubweka kila mtu anapopita getini na kunyamaza akishapita, hiyo ni habari nyingine: analinda eneo. Tena amejifunza kwamba kubweka kunafanya kazi, kwa sababu kwa hesabu zake kila mpita njia aliyebwekewa aliondoka. Mbwa mzee aliyekuwa kimya miaka yote na ghafla akaanza kulia usiku huenda anaumwa au amechoka akili kwa uzee, na anahitaji daktari wa mifugo kabla ya kitu kingine. Kundi la madume linaloshinda kwenye geti moja likigombana linamaanisha ndani kuna jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume. Hali hiyo huchukua takriban wiki tatu na kwa kawaida hurudi karibu mara mbili kwa mwaka, hivyo dawa ni kumfungia jike ndani kwa muda huo au kumfunga kizazi, si kuwashtaki wenye madume sita.

Rekodi ya sauti pia inasaidia. Irekodi ukiwa chumbani kwako, pale unaposumbuliwa. Simu iliyonyanyuliwa juu ya ukuta wa mtu huanzisha kesi nyingine kabisa.

Njia ya kwanza: kumwendea mwenyewe

*Inavyokwenda.* Chagua saa ambayo mbwa yuko kimya na wewe umetulia. Nenda peke yako. Mtu akifungua geti akakuta majirani watano wamejipanga, atajitetea kabla hujamaliza salamu. Sema ulichosikia na uache unachodhani kuhusu malezi yake. Kati ya "humtunzi mbwa wako" na maneno kama haya kuna umbali mkubwa:

"Jirani, samahani kwa kukuingilia nyumbani. Sidhani kama una habari, maana huwa umeshaondoka: asubuhi mbwa akibaki peke yake analia karibu saa nzima. Nimeandika siku chache, nikasema nikuletee uone mwenyewe. Unadhani ni nini kinamsumbua?"

Swali la mwisho lina kazi yake. Linamrudishia mwenye mbwa nafasi ya kumjua mbwa wake, na mara nyingi ndipo unapopewa habari usiyokuwa nayo: mbwa aliletwa juzi kutoka nyumba nyingine, mtu aliyekuwa anashinda naye amehama, zamu za kazi zimebadilika.

*Nguvu yake.* Ni ya haraka, haina gharama, na hakuna aliyeaibishwa mbele ya watu. Kwa kelele za mchana hasa, hii ndiyo njia pekee inayoweza kuzaa ushirikiano. Unaweza hata kukubali kumtumia ujumbe mfupi siku mbwa akilia, ili ajue kama mabadiliko aliyofanya yanasaidia. Yeye hayupo, huwezi kumtegemea ajue.

*Inapokwama.* Maneno hayaachi alama. Baada ya miezi miwili anaweza kusema hukuwahi kumwambia. Kuna pia jirani wa "sawa, nimesikia", anayekuitikia kwa upole wote na asifanye lolote. Mpe muda unaolingana na kero: geti bovu ni siku chache, kelele ni wiki mbili au tatu. Na kama ni mtu wa hasira, au mlishagombana kwa jambo jingine, usijilazimishe ushujaa wa kugonga geti lake.

*Inamfaa nani.* Wanaosalimiana, kero iliyoanza karibuni, na mtu anayeweza kusikia "mbona hujaniambia mapema" bila kupandisha sauti.

Njia ya pili: kumwandikia

*Inavyokwenda.* Barua fupi au ujumbe wa simu kwake peke yake. Tarehe, tukio, ombi moja, na jina lako. Kwa mfano:

"Jirani, habari za siku. Naandika kuhusu mbwa wenu wa kahawia. Tangu tarehe 3 mwezi huu amekuwa akipita chini ya geti alfajiri na kujisaidia kwenye njia wanayopita watoto. Naomba pengo la chini ya geti lizibwe. Kama kuna jambo nisilolijua, nipigie au tuonane jioni yoyote. Ni mimi, jirani wa nyumba ya pili kushoto."

*Nguvu yake.* Unapata nafasi ya kupima maneno, naye anapata nafasi ya kukasirika akiwa peke yake kisha apoe kabla ya kujibu. Nakala inabaki, na baadaye inakuwa ushahidi kwamba ulimjulisha kwa heshima. Ombi moja lililo wazi pia hutekelezeka kirahisi kuliko lawama nane.

*Inapokwama.* Maandishi hayana sauti. Ulichoandika kwa upole kinaweza kusomwa kama amri. Barua isiyo na jina ni mbaya kuliko zote. Mwenye mbwa ataanza kumshuku kila mtu, hana wa kumjibu, na kwa kawaida atamchukia asiyehusika. Kundi la WhatsApp la wakazi nalo si mahali pa kuanzia. Ukituma rekodi pale, ndani ya nusu saa kuna vicheko, kuna aliyekumbushia mbuzi wa mwaka juzi, na mwenye mbwa amekwisha jitoa kwenye kundi. Tangazo la jumla lisilomtaja mtu, kama kuwakumbusha wote kuzoa kinyesi, ni sawa. Kumwanika mtu mmoja si sawa.

*Inamfaa nani.* Wasiofahamiana, wanaofanya kazi saa zisizokutana, wenye haya, na wale wanaojijua kwamba ulimi wao huwaka haraka. Inafaa zaidi kwa kero yenye suluhisho la kuonekana, kama uzio, geti na kinyesi, kuliko ya kelele inayohitaji mazungumzo ya kurudiarudia.

Njia ya tatu: mtu wa kati

*Inavyokwenda.* Anaweza kuwa kiongozi wa mtaa, kamati ya wakazi, mwenye nyumba ikiwa mwenye mbwa ni mpangaji, mzee anayeheshimiwa na pande zote, au msuluhishi wa taaluma pale anapopatikana. Mwite peke yake kwanza, mpe daftari, kisha akae na nyinyi wawili. Ukumbi mzima wa majirani hauhitajiki.

Makubaliano mazuri hutaja kitu kinachoweza kukaguliwa. "Atamdhibiti mbwa" ni maneno matupu. "Kuanzia Jumamosi mbwa atalala ndani, geti litawekewa komeo, na tutakutana tena baada ya wiki nne" ni makubaliano. Kwa kelele, muda huo wa wiki usipunguzwe ukawa siku, na sababu yake inafaa kuelezwa kikaoni. Mbwa aliyezoea kubweka ili apewe kitu, siku atakapoacha kupewa, huongeza kubweka kwanza kabla ya kukata tamaa. Siku za mwanzo za mafunzo huweza kuwa mbaya kuliko zile za kabla. Jirani asiyeambiwa hilo ataona amedanganywa, na mwenye mbwa aliyekata tamaa siku ya tano akampa mbwa alichotaka anakuwa amemfundisha kwamba siri ni kubweka zaidi.

*Nguvu yake.* Kila upande unasikika mbele ya shahidi. Mwenye mbwa ambaye angekubishia wewe huona vigumu kumbishia mtu wanayeheshimiana. Na kama ni wewe unayetia chumvi, mtu wa kati ataliona hilo pia.

*Inapokwama.* Hana nguvu ya kulazimisha. Akiwa ndugu wa upande mmoja, au mtu anayejulikana kwa kuchukia mbwa, kikao kimeshakufa kabla ya kuanza. Hatari nyingine ni kikao kugeuka jalala la kesi za zamani: maegesho, mti unaodondosha majani, muziki wa harusi. Msuluhishi mzuri hukata hayo mapema.

*Inamfaa nani.* Walioshaongea bila mafanikio, majirani kadhaa wenye kero moja, na nyumba za kupanga ambako mkataba una kifungu kuhusu wanyama.

Njia ya nne: malalamiko rasmi

*Inavyokwenda.* Sheria za mbwa hutofautiana kila mahali, kwa hiyo swali la kwanza ni nani anahusika. Mara nyingi kelele huangukia kwa maofisa wa afya au mazingira, mbwa anayezurura huangukia kwa ofisi ya mifugo au ya jiji, na kuumwa au kutishiwa hupelekwa polisi. Uliza kwanza, usije ukazungushwa ofisi tatu na kurudi umechoka. Beba daftari, rekodi, nakala za barua, na majina ya majirani waliokubali wenyewe kuwa mashahidi. Hilo la kukubali lina uzito, kwani wengi hulalamika dukani na kunyamaza mbele ya ofisa.

*Nguvu yake.* Ndiyo pekee yenye meno. Inaweza kuzaa onyo, amri ya kurekebisha uzio, faini, amri ya mbwa kuvishwa kifunga mdomo anapotoka, au kuondolewa kwake. Pia inakuweka salama: ukiogopa kukutana na mwenye mbwa, kuna mtu mwingine wa kwenda.

*Inapokwama.* Kwa kelele ni ya polepole. Ofisa akija saa 5 asubuhi, mbwa amelala kivulini. Ujirani kwa kawaida hauponi. Na kuna jambo ambalo mlalamikaji anapaswa kulijua kabla ya kutia sahihi: mbwa anayetangazwa kuwa hatari, au anayekamatwa akizurura bila mwenyewe kujitokeza, katika nchi nyingi huishia kuuawa. Kwa mbwa aliyeshambulia watu mara kadhaa huenda hakuna njia nyingine. Kwa mbwa anayelia kwa upweke, ni adhabu iliyomwangukia asiyehusika.

*Inamfaa nani.* Aliyeumwa au kukimbizwa, aliyekwisha kujaribu njia nyingine na ana kumbukumbu zake, na yeyote ambaye mwenye mbwa amemtishia.

Kuna njia ya tano ambayo watu huiwaza saa 9 usiku wakiwa hawana usingizi, na haimo kwenye ulinganisho huu. Sumu humpata paka, kunguru na mtoto kabla ya kumpata mbwa uliyemlenga, na ni kosa la jinai sehemu nyingi. Mawe humthibitishia mbwa kwamba alikuwa na sababu ya kukubwekea. Vile vifaa vya sauti isiyosikika na binadamu hutumia ukweli kwamba mbwa husikia hadi karibu hezi 45,000 (mitetemo ya sauti kwa sekunde) wakati sisi huishia kwenye 20,000. Baadhi ya mbwa hushtuka kwa siku chache kisha huzoea, na wengine hubweka zaidi.

Ukiwa wewe ndiye unayelalamikiwa

Usibishe, pima. Acha simu ya zamani ikirekodi sauti utakapotoka, kisha sikiliza usiku. Baada ya hapo una tiba kadhaa za kuchagua, na kila moja ina mbwa wake.

Mazoezi na kampani humfaa mbwa kijana mwenye nguvu anayeshinda kati ya kuta nne bila kazi. Mtembeze asubuhi kabla ya kuondoka, umwachie kitu cha kutafuna, na ikiwezekana mtu apite mchana. Inadai muda wako kila siku, hilo halikwepeki. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa hatapona kwa matembezi pekee; huyo huzoezwa kuachwa kidogokidogo, dakika moja, kisha tatu, kisha kumi, na kazi hiyo huchukua wiki au miezi.

Kubadili mahali anaposhinda ndiko huzaa matokeo ya haraka kwa mbwa anayebwekea wapita njia. Ziba mwanya wa geti anakochungulia, au mhamishie nyuma ya nyumba. Akilala ndani, kero ya usiku mara nyingi hupungua siku hiyohiyo. Mnyororo watu huuona kama suluhisho la mbwa anayetoroka, nami siupendi. Mbwa aliyefungwa muda wote hana pa kukimbilia, huchoshwa na kuwa mkali, na mtoto akiingia ndani ya duara la mnyororo huwa hana nafasi. Banda pana au uzio mzima ni ghali zaidi siku ya kwanza tu.

Kola za kuzuia kubweka ndizo huuzwa kwa ahadi kubwa. Za mshtuko wa umeme huadhibu sauti bila kugusa sababu yake. Mbwa anayebweka kwa hofu akipigwa umeme kila mtoto anapopita, anaweza kuanza kumhusisha mtoto na maumivu. Wales ilizipiga marufuku mwaka 2010. Mwenye mbwa aliyechoka ana haki ya kutafuta nafuu, lakini pesa hiyo huenda mbali zaidi kwa daktari wa mifugo au mkufunzi.

Mengine hayana ulinganisho, ni wajibu tu. Chanjo ya kichaa kwa tarehe zake na kadi yake iwepo. Mtaa hulindwa pale angalau asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, kwa hiyo wa kwako ni sehemu ya hesabu. Namba ya simu iwe kwenye mkanda wa shingoni. Dume anayezurura ahasiwe, maana madume wengi hupunguza kutoroka baada ya hapo. Kinyesi kizolewe kila siku: mayai ya minyoo ya Toxocara huhitaji wiki kadhaa yakiwa ardhini kabla ya kuweza kuambukiza, halafu huweza kudumu humo kwa miaka. Anayezoa mapema huyawahi kabla hayajawa hatari kwa watoto wanaochezea udongo.

Kwa hali yako

Mbwa analia akiachwa, na jirani ni mtu wa kuongea naye: njia ya kwanza na daftari mkononi, ukimpa wiki tatu. Akikataa kusikiliza, nenda kwa mtu wa kati kabla ya kufikiria ofisi.

Kinyesi au geti bovu, na hamfahamiani: mwandikie. Picha moja ya pengo la geti inatosha, huhitaji rekodi ya wiki mbili.

Mbwa anatoka nje na kukimbiza watu: mjulishe mwenyewe siku hiyohiyo kwa maandishi, na ikijirudia hata mara moja peleka rasmi. Hapa kusubiri kwa ajili ya ujirani ni kucheza kamari na miguu ya mtoto wa mtu.

Mbwa hana mwenyewe, au kila mtu anamkana: hakuna wa kusuluhishwa naye. Ofisi ya mifugo moja kwa moja, na acheni kumtupia mabaki wakati mnasubiri.

Majirani wengi, kero moja: chagueni msemaji mmoja na msuluhishi mmoja. Sahihi thelathini zilizokusanywa kimyakimya humfanya mwenye mbwa aone amezingirwa, na atajibu kama aliyezingirwa.

Wewe ni mpangaji na mbwa ni wa mwenye nyumba wako: hii ndiyo ngumu kuliko zote. Soma mkataba wako kwanza uone unasema nini kuhusu utulivu wa nyumba. Kisha mwandikie kwa upole kama mpangaji anayeomba kurekebishiwa jambo, uweke nakala, na ukihitaji mtu wa kati tafuta ambaye halipwi naye wala hapangi kwake.